Adabu ya Mwenye Kupokea Dhiki za Watu

Kazi ya kuwanasihi watu, ambayo zamani ilikuwa mikononi mwa wazee wa mtaa, masomo na makungwi, mashekhe na mapadre, na ambayo siku hizi imeongezewa walimu wa nasaha wa mashuleni, wauguzi wa zahanati, wahudumu wa afya wa vijijini na vijana waliotoka vyuo vikuu na shahada za saikolojia, ina jambo moja ambalo ni jepesi kulikubali kwa ulimi na zito kulitenda: kwamba mtu mwenye dhiki haingii mlangoni mwako peke yake. Huingia na wazazi wake ingawa wamekwisha kufa, na dini yake ingawa hasali sana, na haya aliyolelewa nayo, na khofu ya yale yatakayosemwa mtaani ikijulikana kwamba alionekana akielekea kwako. Mnasihi asiyewakaribisha wote hao atabaki akizungumza na nusu ya mtu, na nusu hiyo, kwa adabu tu, itamwitikia ndiyo kwa kila atakalosema, itamshukuru, itaondoka, na haitarudi.

Nawaandikia wale wanaoianza kazi hii, na hasa wale waliokwisha pewa vitabu vyake na wanaona kwamba mambo ya kitabuni na mambo ya kwenye kiti hayafuatani. Rai yangu ni moja. Desturi ya mtu hufunzwa na mtu mwenyewe, wala hakuna orodha ya mila, hata ikiwa imeandikwa na mwanachuoni mwenye insafu, iwezayo kushika mahali pa somo hilo. Kwa hiyo ustadi wa kwanza wa mnasihi ni kujiweka katika hali ya kufundishika mbele ya yule aliyekuja kutafuta msaada kwake.

Elimu tunayoisoma katika vyuo vyetu kwa sehemu kubwa ilizaliwa mbali na hapa. Carl Rogers, ambaye aghlabu ndiye wa kwanza kutajwa, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1945 hata 1957, na katika mwaka huo wa mwisho alitoa andiko lake mashuhuri juu ya masharti yanayotosha kumfanya mtu abadilike: kwamba mnasihi awe mkweli wa nafsi yake, amkubali mtu bila ya kumwekea sharti, na aifahamu dunia yake kama inavyoonekana kwa macho ya mwenyewe. Katika mji huo huo wa Chicago, Gerard Egan wa Chuo Kikuu cha Loyola aliandika katika miaka ya 1970 kitabu kilichofundisha maelfu ya wanasihi jinsi ya kuketi: umwelekee mtu uso kwa uso, usikunje mikono, uinamie mbele kidogo, umtazame machoni, na utulie. Sina ugomvi na Rogers, maana ukweli, huruma na kumpokea mtu kama alivyo ni mambo ambayo hata mzee wa baraza asiyejua kusoma angeyakubali kuwa ni ya kweli. Walakini mambo haya matatu ni ya batini, na batini haionekani ila kwa dhahiri; na dhahiri iliyoandikwa katika vitabu vile ilikatwa kwa kipimo cha watu wa Chicago.

Chukua hilo la macho. Kijana wa Kigoma, Lamu au Singida aliyefundishwa kwamba kumkazia macho mtu mzima ni ujuba, akiketi mbele ya mnasihi aliyemzidi umri, atainamisha uso. Na mnasihi aliyekariri kitabu ataandika katika daftari lake kwamba kijana ni mwenye kuficha jambo, au hajiamini, au ana huzuni kubwa. Huenda akawa na yote hayo, lakini uso ulioinama si shahidi wake. Vivyo hivyo kumwelekea mtu uso kwa uso, magoti yakikabili magoti, penye meza au pasipo meza, kwa watu wengi wa kwetu ni mkao wa kuhojiwa polisi au kuulizwa na mwalimu mkuu. Wazee wetu, walipotaka kuzungumza jambo zito, walikaa ubavu kwa ubavu juu ya baraza la mawe au mkekani, wote wawili wakiitazama njia, na maneno yakapata nafasi ya kutoka bila ya kila neno kukutana na jicho. Ukiweza kuvipanga viti vyako kwa pembe, hata mgeni wako awe na hiari ya kukutazama au kutazama dirishani, utakuwa umefanya jambo dogo lenye faida kubwa.

Na hapo ndipo napenda kukawia kidogo, kwa kuwa mfano bora kabisa ninaoujua wa jambo hili uko Afrika, nao ni benchi. Daktari Dixon Chibanda, tabibu wa maradhi ya akili wa Zimbabwe, alianza kazi yake huko Mbare, mtaa wa Harare, katika mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya serikali kubomoa nyumba na vibanda vya watu maskini wengi katika ile operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Nchi nzima ilikuwa na matabibu wa akili wachache wa kuhesabika kwa vidole. Naye hakupewa wauguzi wala chumba katika zahanati, bali alipewa bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaa, wengi wao hawakusoma sana, na akaachiwa uwanja wa nje. Wakaweka benchi chini ya mti. Daktari alikuwa ameliita benchi la afya ya akili, na watu wakalipita mbali, kwani ni nani anayetaka kuonekana na jirani zake ameketi penye jina la wazimu? Bibi wale ndio waliomwambia kwamba jina lile halifai, wakalipa jina la Kishona lenye maana ya kiti cha kupeana mashauri, na watu wakaja.

Ukiyatazama yale waliyoyafanya juu ya benchi lile utaona kwamba elimu ya kitabuni haikutupwa. Njia yenyewe, ya kumsaidia mtu achague tatizo moja kati ya mengi na kulitafutia ufumbuzi kwa hatua ndogo, ni njia inayojulikana sana katika nchi za Magharibi, na mtu hukutana na bibi mara kadhaa, kwa kawaida hata mara 6. Kilichobadilishwa ni mlango. Maswali 14 ya kupimia huzuni yalitungwa kwa Kishona na kutoka katika maneno ya watu wenyewe, ambao hawakuwa wakisema kwamba wana sonona, bali kwamba wanafikiri kupita kiasi. Na hatua za mazungumzo zikaitwa kufungua akili, kisha kuinua, kisha kuimarisha. Bibi huongoza kama bibi: huomba dua pamoja na mtu ikiwa mtu ni wa dua, humshika mkono, husimulia kisa chake mwenyewe inapofaa, mambo ambayo mwalimu mkali wa chuoni angeyapigia mstari mwekundu. Uchunguzi uliofanywa katika zahanati 24 za Harare kwa watu 573, na kutangazwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha matabibu wa Marekani, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliohudumiwa na bibi hao walikuwa na dalili za huzuni na wahaka chache mno kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limekwisha vuka mpaka kwenda Malawi, na bahari kuja Unguja.

Mnasihi mwanafunzi asijifunze kutoka kisa hiki kwamba lazima atafute mti na benchi. Ajifunze kwamba daktari aliwauliza bibi, na walipomjibu akakubali kubadilisha.

Sasa tuje kwenye mazungumzo yenyewe, na kwanza kwenye maamkizi, ambayo vijana wengi wa kazi hii huyaona kuwa ni kupoteza dakika za mteja. Katika nchi zetu za Waswahili, na bara yake pia, mtu huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za wazee, za kazi, za tangu juzi, na kila swali hujibiwa kwamba ni nzuri au ni salama, hata ikiwa nyumbani kuna maiti; kisha, baada ya salama ya tatu au ya nne, ndipo lije lile neno dogo, ila au lakini, na nyuma yake ndiko iliko habari. Salama tu, ila mtoto hajalala nyumbani siku ya tatu leo. Mtu asiyeijua ada hii husikia salama ya kwanza, akafurahi, akaanza kujaza fomu yake. Mwenye kuijua hungoja. Ukimwamkia mtu mzima Shikamoo na kumwachia akuitikie Marahaba kwa wakati wake, ukamwuliza habari za safari, ukampa maji, ukanyamaza kidogo bila ya kushika kalamu, aghlabu utamwona mwenyewe akilifikia neno lile bila ya kusukumwa. Ikiwa ratiba yako ina dakika 45 kwa kila mtu, dakika 10 za mwanzo yahesabie maamkizi tangu ulipoipanga, usiyaone kuwa yamekuibia.

Baada ya maamkizi huja namna nyingine ya staha, nayo ni shida inayovaa nguo za mtu mwingine. Dada mmoja atakuambia kwamba ana shoga yake ambaye mumewe hapeleki matumizi nyumbani, naye amekuja kumwulizia afanyeje. Usimvue nguo hizo. Usiseme, kwa ucheshi wa mjuzi, kwamba shoga huyo bila shaka ni yeye mwenyewe. Mwulize shoga huyo analala vipi, anakula, ana nani wa kumwambia, anaogopa nini zaidi. Jibu utalipata lote, na siku ya pili au ya tatu shoga atakuwa amekwisha kuondoka mwenyewe kimya kimya na dada atasema mimi. Watu wa pwani wamezoea kusema mazito kwa njia ya kupitia upande. Mwanamke aliyekasirika anaweza kumaliza wiki nzima bila ya kutamka neno, ila amejifunga kanga yenye jina linalosema yote, na mumewe, wifi zake na mtaa mzima wamelisoma. Nami, nikiambiwa kwamba watu wetu hawajui kueleza hisia zao, hucheka kidogo. Mnasihi aliyefunzwa kumhimiza kila mtu kusema waziwazi, kwa kutaja hasira yake kwa jina lake na mbele ya aliyemkasirisha, apime kwanza kama uwazi huo utamletea mtu nafuu, au utamletea kipigo na talaka.

Na kimya nacho kina aina zake. Kuna kimya cha heshima, cha mtu anayengoja mkubwa amalize; kuna kimya cha kukataa, ambacho mtu wa adabu hukitumia badala ya la; kuna kimya cha jitimai, ambacho hakitaki kuvunjwa bali hutaka mwenzi. Vitabu hufundisha kwamba kimya kivumiliwe, na ni kweli, lakini havifundishi kukitofautisha. Njia niionayo kuwa salama ni kuuliza kwa upole jambo dogo la pembeni, kama vile mtu angependa tupumzike au tuendelee, na kutazama sauti yake inarudi vipi.

Swali gumu kuliko yote ni la sababu. Mtu atakuambia kwamba kukosa kwake usingizi kumetokana na hasadi ya jirani, au jini aliyerithiwa kwa nyanya yake, au kwamba ni majaribu ya Mwenyezi Mungu na yeye hana la kufanya ila kusubiri. Mnasihi kijana huona njia mbili tu, ama kumcheka kwa moyo huku akimtikisia kichwa, ama kumhutubia juu ya sayansi. Zote mbili humpoteza. Arthur Kleinman, tabibu na mwanachuoni wa Marekani aliyejifunza kazi yake kwa miaka mingi Taiwan na China, alipendekeza karibu na mwaka 1980 maswali machache ambayo kila mwenye kupokea wagonjwa angefaa kuyajua kwa moyo: wewe unaliitaje tatizo lako, unaona limetokana na nini, kwa nini lilianza wakati ule na si mwingine, limekufanyia nini katika maisha yako, unaogopa nini zaidi, na unatumaini kupata dawa ya namna gani. Wazo hilo limekubaliwa hata na matabibu wa akili wa Marekani, ambao katika kitabu chao cha kuainisha maradhi, toleo la 2013, waliweka mahojiano ya maswali 16 ya namna hiyo. Kuuliza hivi si kuungama kwamba majini yapo wala kwamba hayapo. Ni kumpa mtu nafasi ya kukueleza dunia anayoishi, na mara nyingi, katikati ya maelezo ya hasadi ya jirani, ndipo utakapogundua kwamba jirani huyo ndiye anayemdai mtu wako fedha za mchezo wa upatu, na kwamba hasadi na deni vimekaa nyumba moja. Akiwa anakwenda kwa shekhe kusomewa, usimkataze. Mwulize kama kunampa faraja, na kama amepewa dawa ya kunywa mwombe akuonyeshe, maana hapo pana jambo la kitabibu ambalo wewe au daktari wako mnapaswa kulijua.

Vivyo hivyo huko Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai ambazo ukimwi ulizipiga vibaya, mtafiti Paul Bolton na wenzake waliopeleka matibabu ya huzuni kwa njia ya vikundi walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe ni nini kinachowasibu na kinaitwaje, kabla ya kuamua watibu nini; kisha wakatenga vikundi vya wanaume na vya wanawake, na kila kikundi kikaongozwa na mtu wa pale pale na wa jinsia ile ile, wakakutana kila wiki kwa wiki 16. Matokeo yake, yaliyotangazwa 2003, yalikuwa mema sana.

Nije kwenye jambo ambalo ndilo huwatia wanasihi wetu katika mashaka ya kweli, nalo ni kutoa shauri. Wamefundishwa kwamba mnasihi hatoi shauri. Humsaidia mtu kulitoa mwenyewe. Basi mzee wa miaka 60 hupanda daladala mbili, akafika, akaeleza mgogoro wake na mwanawe juu ya shamba, akauliza afanyeje, na kijana wa shahada humjibu kwa swali: wewe mzee unaonaje? Mzee huyo ataona moja kati ya mambo mawili, ama kijana hajui, ama anajua na anamnyima. Kwetu sisi mwenye kuombwa shauri akalizuia ni bakhili wa ulimi. Sisemi kwamba mafundisho yale yabatilishwe, kwa kuwa yana hekima ndani yake: shauri la haraka mara nyingi ni njia ya mnasihi kuikimbia dhiki ya mwenzake. Nasema tu kwamba lipo la katikati. Mweleze mzee njia mbili tatu ambazo watu waliofikwa na jambo kama lake wamezipita, na kila moja ilivyowatendea. Mwulize ipi ingewezekana katika nyumba yake, na ipi ingemvunjia heshima. Kisha mpe jambo moja dogo la kutenda kabla ya kurudi. Mzee ataondoka na kitu mkononi, na hiari yake itakuwa imebaki kwake.

Kuhusu jamaa wanaomsindikiza mtu, usiwafukuze mlangoni kwa jina la siri. Shangazi aliyemleta binti, au mjomba aliyemleta mpwawe, amekuja kwa wajibu, na pengine ndiye aliyelipa nauli na ndiye atakayeamua kama binti atarudi tena. Wakaribishe wote, wasikilize wote, kisha, kwa maneno ya taadhima, mwombe mkubwa ruhusa ya kuzungumza na mdogo peke yake kwa kitambo. Ruhusa ikiombwa kwa adabu ni nadra kukataliwa. Kisha ukiwa na mdogo mwambie bayana kipi utakisema kwa shangazi na kipi hutakisema, na lipi hutaweza kulificha hata kwa yeyote, kama vile khatari ya kujiua au mtoto anayedhuriwa. Siri katika mtaa ni jambo la jina na la mguu pia: mtu huogopa kuonekana akiingia. Chumba chenye kibao kikubwa kinachotangaza shida zinazopokelewa humo ni chumba kitupu. Na pale ambapo mwanamume na mwanamke wasio maharimu kukaa faraghani huleta fitina, acha mlango wazi nusu, au weka viti mahali mnapoonekana wala hamsikiki, na uwepo wa mwenzako karibu uwe ni kinga yenu nyote wawili.

Pamoja na yote niliyoyasema, yupo mtu mmoja ambaye namhofia kuliko yule asiyejali mila, naye ni yule anayeziheshimu mila kupita kiasi. Huyu, akiletewa mke mwenye alama za kipigo, husema kwamba kwao ndivyo walivyo na kwamba mambo ya nyumbani yasuluhishwe nyumbani. Suluhu ina mahali pake, na penye haki: Kurani yenyewe imeagiza wateuliwe wapatanishi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, pakihofiwa kutengana, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka kwa kawaida shauri la ndoa lipitie kwanza Baraza la Usuluhishi kabla ya kuombwa talaka mahakamani. Lakini kusuluhisha si kumrudisha mke kwenye kipigo, na jamii yoyote, yetu ikiwamo, haina sauti moja. Ndani ya mila hiyo hiyo inayomtaka mke avumilie, wamo nyanya wanaosema kwamba mume mwenye mkono mwepesi arudishiwe mahari yake, wamo mashekhe wanaolaani udhalimu, na wamo wanawake wenyewe wanaokwenda kwa kadhi na kusimulia kwa ufasaha yale wanayotakiwa kuyanyamazia. Ukiambiwa kwamba ndiyo desturi, uliza ni desturi ya nani, na nani huumia kwayo, na nani katika ukoo huu huu angeipinga. Mara nyingi utampata, na ndiye atakayekuwa msaada wa kudumu kwa mtu wako, kuliko wewe unayefunga ofisi saa kumi.

Lugha moja isikudanganye. Mnasihi wa Dar es Salaam akienda kufanya kazi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, atakutana na Wakongo wanaozungumza Kiswahili kwa ufasaha wao wa Uvira au Baraka, na kwa kuwa wanaelewana katika kuuza na kununua atadhani kwamba wanaelewana pia katika kuomboleza. Kumbe maneno yale yale yanabeba vita ambavyo yeye hakuviona na makanisa ambayo hajaingia. Na ikiwa ni lazima kutumia mkalimani, asiwe mtoto wa mwenye shida, wala mumewe, wala jirani wa hema la pili. Zungumza naye kabla ya kikao, mkubaliane kwamba atatafsiri yote, pamoja na matusi na kusitasita, na kwamba siri inamhusu na yeye. Mwelekee mwenye shida unapozungumza, si mkalimani. Sema kwa vipande vifupi. Na baada ya kikao mwulize mkalimani yeye mwenyewe yu hali gani, maana huenda amesimulia kwa kinywa chake habari ya kifo kinachofanana na cha ndugu yake.

Lililobaki kusema ni juu ya kujizoeza. Hakuna anayejifunza haya kwa kusoma makala, hata hii. Njia itumikayo katika mafunzo mengi, nami naisifu, ni ya watu watatu: mmoja anasimulia jambo la kweli lisilo zito sana, wa pili anasikiliza, wa tatu anatazama na kuandika, kisha hubadilishana. Naongeza sharti moja: mwenye kutazama asiandike tu kama msikilizaji aliuliza maswali ya wazi, bali aandike ni wakati gani msimulizi alishusha sauti, alijibu kwa adabu tu, au alitaja mtu wa nyumbani akapitishwa haraka. Kikao cha watatu wa kabila moja, dini moja na umri mmoja kina faida ndogo. Tafuteni mzee, tafuteni mtu wa bara kama ninyi ni wa pwani. Mwaka 1998 madaktari wawili wa California, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika kwamba lengo la kazi hii lisiwe kuhitimu katika tamaduni za watu, kana kwamba zina mtihani na cheti, bali liwe unyenyekevu wa maisha yote na kujichunguza nafsi. Na katika kujichunguza huko mnasihi ajiulize yeye kafunzwa nini nyumbani kwao juu ya wajane, walevi, wasioolewa, wasiozaa, watu wa dini nyingine, kwa sababu uso wake utayatangaza mafunzo hayo kabla hajafumbua kinywa.

Mwisho, ujue kikomo chako, na ujue jinsi ya kukikiri bila ya kumfedhehesha mtu. Anayesema anataka kufa, anayesikia sauti zinazomwamuru, aliyekoma kula na kuoga, huyo ahitaji tabibu, nawe umpeleke: Muhimbili au Mirembe kwa walio Tanzania bara, Kidongo Chekundu kwa walio Unguja, Mathari kwa walio Nairobi, au kwanza hospitali ya wilaya iliyo karibu. Hata bibi wa Harare hufanya hivyo, kwani wanao wakubwa wa kuwapelekea watu ambao majibu yao ya maswali 14 yanatisha. Majina ya hospitali hizo, hata hivyo, yamebeba dhihaka za miaka mingi, na ukiyataja kwa ghafla mtu atadhani umemtupa. Basi mweleze kwa utaratibu utakachomwandikia daktari, mwulize nani wa nyumbani angependa afuatane naye na nani asijue, na kama yu katika khatari usimwache aende peke yake, nenda naye au umpate wa kwenda naye. Kisha, kabla hajainuka, mpangie siku na saa ya kurudi kwako baada ya kuonana na daktari, iandike katika daftari lako na katika karatasi yake, na siku hiyo ikifika uwepo.